Nyasi, Mundu na Roboti: Historia Fupi ya Uwanja wa Mbele wa Toronto

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya mihangaiko ya kazi. Leo nataka tuzungumze kuhusu kitu kinachoonekana cha mchezo, lakini ukikichimba unakuta historia ndefu ndani yake: roboti za kukata nyasi.

Baada ya kutuma ile picha ya kidude kama kobe kinachotembea kwenye uwanja wa jirani, maswali yamekuwa mengi. Wengine mmeuliza kama ni mdoli. Wengine mmeuliza kama kinang'ata. Na vijana wawili watatu wa ukoo wetu, ambao wamekuwa wakiniambia kwamba wakifika Kanada wataanza na kazi ya kukata nyasi kabla ya kupata nyingine, wameuliza swali zito zaidi: sasa na hiyo kazi nayo imekwisha? Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Jibu lake linahitaji tuanzie mbali kidogo, kwa hiyo mnivumilie.

Kwanza kidude chenyewe. Ni kama kasha la plastiki lenye magurudumu, chini yake kuna sahani inayozunguka yenye visu vidogo kama nyembe. Hakikati nyasi ndefu kwa mkupuo. Kinatoka karibu kila siku na kukata milimita chache tu, vipande vinadondoka hapo hapo na kuoza kuwa mbolea. Betri ikikaribia kuisha kinarudi chenyewe kwenye kituo chake kujichaji. Aina za zamani zinaongozwa na waya uliofukiwa kuzunguka uwanja. Waya unatoa ishara hafifu, roboti ikiufikia inageuka na kwenda upande mwingine bila mpango maalum, kama mlevi aliyefungiwa uani. Hizi mpya zinatumia setilaiti na kamera, zinatembea kwa mistari iliyonyooka kama trekta. Bei inaanzia kwenye dola elfu moja hivi na kupanda hadi elfu kadhaa.

Haya, sasa turudi nyuma. Shangazi yangu aliwahi kuniuliza kwenye simu: "Yaani mnanunua nyasi, mnazipanda, mnazimwagilia maji, mnaziwekea mbolea, halafu mnazikata mnazitupa, na ng'ombe hamna?" Nilicheka sana, lakini tangu siku hiyo sijapata swali bora zaidi kuhusu jambo hili. Na kweli, nyasi huku zinauzwa dukani zimekunjwa kama mkeka! Unanunua mikeka yako, unaitandaza juu ya udongo, unamwagilia, wiki chache imeshika mizizi.

Kwetu uwanja mzuri ni uwanja uliofagiliwa. Alfajiri unasikia ufagio wa chelewa, na mchanga unabaki na mistari mizuri. Nyasi zikikaribia nyumba ni dalili ya uvivu, tena ni makazi ya nyoka na mbu. Nyasi zilikuwa na kazi zake: za kuezekea, za mifugo, na zile za shuleni ambazo tulizifyeka kwa adhabu kwa kuchelewa namba. Nani kati yetu hajawahi kushika fyekeo huku mwalimu wa zamu amesimama kivulini? Nyasi fupi za mapambo tuliziona kwa Wazungu, Oysterbay kule Dar na Karen kule Nairobi, na kwenye viwanja vya gofu. Ukoka uliokatwa vizuri ulikuwa unasema kitu: hapa anakaa mkubwa, na ana mtu wa kumkatia.

Cha kuchekesha ni kwamba baadhi ya nyasi zenyewe zimetoka kwetu. Ile inayoitwa nyasi ya Kikuyu ni mzaliwa wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilichukuliwa ikapelekwa Afrika Kusini, ikaenda Australia, na leo iko hadi California na Hawaii, ambako wanapambana nayo kama gugu kwa sababu haijui mipaka. Hapa Toronto haiwezi kuhimili baridi. Nyasi za huku ni za jamii zilizotoka Ulaya, pamoja na ile Wamarekani wanayoiita ya Kentucky kana kwamba ilizaliwa huko. Yaani hata majani hapa ni wahamiaji!

Wazo la kuwa na nyasi fupi za kutazamwa tu lilikuzwa na matajiri wa Ulaya. Karne ya 17, mfalme wa Ufaransa Louis wa 14 alitengenezewa bustani za Versailles na André Le Nôtre, na katikati yake kuna utepe mrefu wa nyasi ambao mpaka leo unaitwa zulia la kijani. Waingereza, ambao mvua yao haiishi, wakalipokea wazo hilo na kulipanua hadi kwenye mashamba yao makubwa. Lakini hebu fikiria gharama. Nyasi zilikatwa na kondoo au na wanaume wenye mundu wa mpini mrefu, ambao walianza kazi alfajiri umande ukiwa bado haujakauka, kwa kuwa nyasi iliyoloa inakatika vizuri. Nyuma yao wanakuja wengine kuzoa na kufagia. Kwa hiyo uwanja wa nyasi ulikuwa tangazo. Ulisema: nina ardhi ambayo sihitaji kuilima, na nina watu wa kutosha kuifanya isizae kitu.

Mambo yalibadilika mwaka 1830. Fundi mmoja Mwingereza, Edwin Beard Budding, wa eneo la Stroud kwenye jimbo la Gloucestershire, aliishi kwenye bonde lenye viwanda vya nguo za sufu. Viwandani mle kulikuwa na mashine yenye visu vilivyojipinda kwenye mche unaozunguka, kazi yake kunyoa manyoya yaliyosimama juu ya kitambaa ili kiwe laini. Budding akajiuliza: kama inanyoa kitambaa, kwa nini isinyoe ardhi? Akatengeneza mashine ya chuma yenye upana wa inchi 19, inasukumwa kwa mkono, na mwezi Agosti mwaka huo akapata hataza. Inasimuliwa kwamba aliijaribu usiku ili majirani wasimwone wakadhani amerukwa na akili. Mafundi wa gereji mtafurahi kusikia kwamba huyu huyu Budding anatajwa pia kati ya waliobuni spana ya kurekebisha, ile mnayoiita spana malaya.

Katika maelezo ya hataza yake Budding alieleza kwamba mabwana wa mashambani wataona kusukuma mashine hiyo ni burudani na mazoezi mazuri ya mwili. Oneni ujanja huo! Kazi iliyokuwa ya vibarua, ukiweka mashine katikati, inageuzwa kuwa starehe ya bwana. Mwaka 1832 kampuni ya Ransomes ya Ipswich ikaanza kuzitengeneza kwa leseni. Mwaka 1859 Thomas Green wa Leeds akaleta inayotumia mnyororo badala ya meno mazito ya chuma, ikawa nyepesi na kelele ikapungua. Zikaja za kuvutwa na farasi, na hao farasi wakavalishwa viatu vya ngozi wasichimbe uwanja. Zikaja za mvuke miaka ya 1890, na mwaka 1902 Ransomes wakauza ya petroli. Kanada nayo haikubaki nyuma: mji wa Guelph, mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari kutoka hapa nilipo, ulikuwa na kiwanda cha Taylor-Forbes kilichotengeneza mashine za kusukuma kwa mkono.

Kuna jambo moja naomba mlishike, maana litatusaidia mbele. Kila mashine ilipokuja, watu walidhani itapunguza kazi ya nyasi. Haikupungua. Zilichoongezeka ni nyasi! Mundu ulifanya uwanja uwe wa lodi peke yake. Mashine ya Budding ikaushusha kwa daktari na mwanasheria. Mashine ya petroli ikaushusha kwa mfanyakazi wa kiwandani. Kitu kikishakuwa rahisi kupatikana kwa wote, kinaanza kudaiwa kutoka kwa wote.

Tuje sasa Toronto yenyewe. Kabla ya Wazungu, sehemu za ardhi hii zilikuwa mbuga, na nisemapo mbuga namaanisha mnayoijua: nyasi ndefu na miti michache iliyotawanyika. Tofauti ni kwamba miti yenyewe ni ya mwaloni mweusi. Wenyeji asilia waliichoma moto kwa mpango ili ichipue upya, kama wafugaji wetu wanavyofanya. Kipande chake kimebaki ndani ya bustani ya High Park, magharibi mwa jiji, na Jiji huwasha moto wa makusudi pale majira ya kuchipua ili mbuga isife. Mtu wa Serengeti akiletwa hapo siku hiyo hatashangaa hata kidogo.

Nyasi fupi zilienea kweli baada ya Vita Kuu ya Pili. Marekani kulikuwa na mji wa Levittown, ulioanza kujengwa mwaka 1947 katika kisiwa cha Long Island, nyumba maelfu zinazofanana. Masharti ya kukaa pale yalimtaka mkazi akate nyasi kila wiki. Masharti hayo hayo yalikataza watu weusi kukaa. Vitu hivyo viwili viliandikwa kwenye karatasi za mradi mmoja, na mimi naona si ajali. Uwanja mzuri wa mbele ulikuwa unasema hapa wanakaa watu wa aina fulani.

Msidhani Kanada ilikuwa safi. Mwaka 1945, hapa hapa Toronto, shirika la elimu ya wafanyakazi lilinunua kiwanja barabara ya O'Connor na kukuta hati ina sharti kwamba ardhi hiyo isiuzwe kwa Wayahudi wala kwa watu wa mataifa yasiyopendwa. Shauri likaenda mahakamani likajulikana kwa jina la Drummond Wren, na Jaji Keiller MacKay akalifuta sharti hilo kwamba ni kinyume cha maslahi ya umma. Miaka mitano baadaye, 1950, Mahakama Kuu ya Kanada ikafuta sharti kama hilo katika shauri la Noble na Alley, kuhusu eneo la mapumziko kando ya Ziwa Huron. Kwa hiyo mimi Mswahili ninapopita kwenye vitongoji hivi nikiwa na mfuko wangu wa viazi, napita juu ya ugomvi ambao wengine walishaupigana.

Mwaka 1953 mfanyabiashara E. P. Taylor alianza kujenga Don Mills, kitongoji kilichokuja kuigwa Kanada nzima. Barabara zake zimepindapinda, nyumba zina nafasi, nyasi mbele na nyuma, na uzio wa mbele hakuna. Scarborough, Etobicoke na North York zikajazwa kwa mtindo huo. Na nani walikata nyasi? Wenye nyumba wenyewe Jumamosi, watoto wao kwa pesa ya pipi, na kwa wenye uwezo, wahamiaji. Baada ya vita Waitaliano na Wareno walifika kwa wingi, wakashika kazi za ujenzi na za bustani. Lakini kwenye nyumba zao wenyewe wengi walifanya ambacho bibi yangu angefanya: waling'oa nyasi wakapanda nyanya, maharage na mizabibu. Shangazi angewaelewa!

Don Mills nayo ina habari ya kutuhusu. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, Kanada ilipokea maelfu yao, na Waismailia wengi wa Afrika Mashariki wakafanya Toronto kuwa kwao. Mwaka 2014 Jumba la Makumbusho la Aga Khan na Kituo cha Ismailia vilifunguliwa barabara ya Wynford, eneo hilo hilo la Don Mills, na katikati yake kuna bustani ya mabwawa ya maji na miti. Ukienda pale Jumapili, usishangae kumsikia mzee akimwambia mkewe "twende bwana, jua kali."

Sasa sheria. Toronto ina sheria ndogo inayosema nyasi za uwanja zisizidi sentimita 20. Zikizidi, jirani anaweza kupiga simu, mkaguzi akaja, ukapewa notisi, na ukipuuza Jiji linaleta mtu wa kukata na wewe unalipa. Na ile kanda ya nyasi kati ya njia ya waenda kwa miguu na barabara ni mali ya Jiji, lakini wa kuikata ni wewe. Mnaona mambo hayo? Ni kama serikali ya mtaa ikupe mbuzi wake umchunge, na akikonda ushtakiwe wewe.

Wapo waliokataa. Mama mmoja, Sandy Bell, aliacha uwanja wake uwe bustani ya mimea ya asili. Akapigwa faini ya dola 50. Akakata rufaa, na mwaka 1996 Jaji Fairgrieve akaamua kwamba bustani yake ni njia ya kueleza imani yake kuhusu mazingira, na kwamba sheria ile ilibana uhuru wa kujieleza unaolindwa na Katiba. Yaani magugu yakahesabiwa kuwa maneno! Halafu likaja suala la dawa. Mwaka 2003 Baraza la Jiji lilipitisha sheria ya kuzuia dawa za kuua magugu na wadudu kwa ajili ya urembo wa bustani, ikaanza kutumika Aprili 2004, na jimbo zima la Ontario likafuata Aprili 2009. Ndiyo maana majira ya kuchipua mnaona kwenye picha zangu viwanja vya njano, ni lile gugu lenye ua la njano ambalo likikomaa linakuwa kama pamba na watoto wanalipuliza. Mwaka 2020 profesa wa mipango miji, Nina-Marie Lister, naye akapewa notisi kwa bustani yake ya asili. Hakukaa kimya. Mwaka 2021 Baraza likabadilisha sheria: anayetaka bustani ya mimea ya asili hahitaji tena kuomba kibali. Kipimo cha sentimita 20 kikabaki kwa nyasi za uwanja tu.

Roboti zinaingia wapi? Watu wengi wanadhani ni kitu cha jana. Kumbe mwaka 1969, mwaka ule ule binadamu alipokanyaga mwezini, Marekani waliuziwa mashine ya betri iliyoitwa MowBot kwa dola 795, ikizunguka yenyewe ndani ya waya. Fedha hizo wakati ule zilikuwa nyingi mno, haikuenda mbali. Mwaka 1995 kampuni ya Husqvarna ya Sweden ilitoa roboti iliyotumia nguvu ya jua, na miaka michache baadaye ikaja na ya kujichaji kituoni. Miaka hiyo hiyo kampuni ya Friendly Robotics ya Israeli ilikuwa inatengeneza yake. Ulaya zikapata soko. Amerika Kaskazini zikasuasua.

Kuna kisa hapa nakipenda. Mwaka 2015 kampuni ya iRobot, wale wa roboti za kufagia ndani, iliomba kibali kwa mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ili roboti yake ya nyasi iongozwe na vijiti vinavyotoa mawimbi ya redio. Wanaastronomia wakapinga! Walisema mawimbi hayo yako kwenye masafa wanayotumia darubini zao za redio kusikiliza nyota zinavyozaliwa. Kibali kilitolewa, roboti yenyewe ikatangazwa Januari 2019, na mwaka 2020 mradi ukasimamishwa. Wapiganapo tembo nyasi huumia, wahenga walisema, ila mara hii nyasi zilisalimika.

Kwa nini Amerika Kaskazini zilisuasua? Sababu moja nawaambia kwa macho yangu: uzio. Ulaya bustani nyingi zimezungushiwa ua. Hapa uwanja wa mbele hauna mwanzo wala mwisho, nyasi zangu zinaingia kwenye zako. Roboti ikikosea inaanza kumkatia jirani, au inaingia kwenye maua yake, au mpita njia anaibeba, ndiyo maana zina namba ya siri na king'ora. Na ile kanda ya Jiji kando ya barabara iko ng'ambo ya njia ya miguu. Roboti haiwezi kuifikia bila kuvuka mahali wanapopita watoto, wazee na watu wenye mikongojo.

Na Toronto ina msimamo kuhusu roboti njiani. Kulikuwa na kigari kidogo cha waridi kilichoitwa Geoffrey, cha kampuni ya Tiny Mile, kilichopeleka chakula kwa wateja kwa kupita njia ya waenda kwa miguu. Watu walikipenda, macho yake yalikuwa na umbo la moyo. Lakini watetezi wa watu wenye ulemavu walisema: mtu asiyeona, au aliye kwenye kiti cha magurudumu wakati theluji imebana njia, afanye nini akikutana nacho? Desemba 2021 Baraza likapiga marufuku vigari vya namna hiyo kwenye njia za miguu na za baiskeli. Sisemi kwamba marufuku ile iliandikwa kwa ajili ya mashine za nyasi. Nasema inaonyesha jiji linavyofikiri: nyumbani kwako fanya utakavyo, lakini njia ni ya wote.

Kelele je? Hapo roboti inashinda. Mashine ya petroli inafika desibeli 90 hivi, roboti ni kama 60, sawa na watu wanaoongea. Sheria ya Jiji inaruhusu vifaa kama mashine za nyasi kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni siku za kazi, na kuanzia saa 3 asubuhi mwishoni mwa wiki na sikukuu. Lakini ukimya huo una mtego. Kwa vile haisikiki, mwenyewe anashawishika kuiacha ifanye kazi usiku, na usiku una wenyewe. Ulaya kuna kalunguyeye, ambaye akiona hatari hakimbii, anajikunja. Mwaka 2021 mtafiti Sophie Rasmussen na wenzake walichapisha majaribio ya aina 18 za roboti kwa kutumia mizoga ya kalunguyeye waliokwisha kufa, na hakuna hata moja iliyomtambua mnyama kabla ya kumgusa. Baadhi ziligeuka bila kumdhuru, nyingine zilimkata. Mwaka 2024 jiji la Cologne, Ujerumani, likapiga marufuku kuziendesha usiku. Toronto hatuna kalunguyeye wa porini. Tuna sungura wanaoficha watoto kwenye vishimo vidogo katikati ya uwanja, na watoto hao wakihisi hatari wanatulia tuli wasionekane. Kutulia kuliwasaidia dhidi ya mbweha. Kwa wembe unaozunguka haisaidii.

Sasa nirudi kwa vijana wetu. Je, kazi imekwisha? Hapana, lakini inabadilika, na ni bora mjue kabla ya kuuza kiwanja cha babu kwa ajili ya nauli. Roboti inakata katikati. Haifyeki kando ya ukuta, haipunguzi uzio wa miti, haikusanyi majani yanayoporomoka Oktoba, haipandi mche, haijengi ngazi za mawe, haizoi theluji. Kampuni za bustani hapa hufanya nyasi takriban kuanzia Aprili hadi Novemba, kisha hugeukia theluji. Anayejua kusukuma mashine tu ndiye aliye hatarini. Anayejua mimea, mawe, umwagiliaji na ufundi wa mashine ndogo atapata nafasi, tena hata hizo roboti zinahitaji mtu wa kuzifunga, kuzinoa na kuzihifadhi majira ya baridi. Kima cha chini cha mshahara Ontario kilipanda Oktoba 2025 hadi dola 17.60 kwa saa. Kabla hamjaanza kuzidisha kwa shilingi, zidisheni kwanza na kodi ya nyumba ya huku, ndipo tuongee.

Ninachohofia zaidi ni kile kipato kidogo cha pembeni. Yule kijana wa miaka 14 anayegonga mlango na kusema "nikukatie kwa dola 20?" Yule mgeni aliyefika mwezi uliopita, Kiingereza bado kinamsumbua, lakini mashine haihitaji sarufi. Kazi ya kwanza huwa haina hadhi, ila ndiyo inayomfungulia mgeni mlango wa mtaa. Mlango huo ukizibwa na kasha la plastiki, hakuna takwimu itakayouonyesha.

Kwa upande mwingine siwezi kuwa mnafiki. Jirani yangu mwenye roboti ni mzee wa miaka zaidi ya 80, magoti yake yamechoka, watoto wake wako mbali. Kwake kipimo cha sentimita 20 kilikuwa tisho: ashindwe kukata, apewe notisi, aanze kuambiwa auze nyumba aende kwenye makao ya wazee. Roboti imemwachia nyumba yake. Wakati huo huo, Jumamosi asubuhi ndiyo ilikuwa saa pekee ambayo mtaa wetu wote ulikuwa nje. Mashine zikizimwa watu walisimama kwenye mpaka usio na uzio wakaulizana habari za wagonjwa na za mpira. Mtaa ukiwa na roboti tupu, uwanja utakuwa nadhifu na watu watakuwa ndani.

Ukinitaka msimamo wangu, ni huu. Kwa mzee kama yule, roboti na ikae. Kwa wengine wenye nguvu zao, naona wanatumia mashine ya maelfu ya dola kutatua tatizo ambalo sheria ya mwaka 2021 imeshawapa njia rahisi ya kuliondoa: punguza nyasi, panda mimea ya asili ya hapa, panda nyanya. Historia ya karibu miaka 200 tangu Budding inaonyesha mashine haijawahi kutupunguzia nyasi. Wanaopunguza nyasi ni watu wanaoamua, kama Sandy Bell na wale wazee wa Kiitaliano wenye mizabibu yao.

Vijana, niandikieni mniambie nani kati yenu anajua kazi ya mawe na umwagiliaji, nitaulizia masomo na vyeti vinavyotambulika huku. Wazee wetu nawasalimu, shikamooni. Tukijaaliwa, mara nyingine nitawaeleza habari za theluji na kwa nini nayo ina sheria yake.